Amua Unauza Nini Kabla ya Kununua Tangi

Hotuba kwa wasindikaji wadogo na wanafunzi wa uhandisi, Tanga

Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi, ndugu zangu.

Mwenyekiti, wazee wangu wenye minazi kutoka Pangani, kina mama wasindikaji, na ninyi vijana wa uhandisi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie utengenezaji wa selulosi kwa kutumia bakteria ndani ya bioriakta, yaani tangi la kuchachushia ambalo joto, hewa na uchachu wake vinadhibitiwa. Barua ya mwaliko iliuliza swali moja tu: tununue tangi la aina gani? Jibu langu ni kwamba hamjafika huko. Nitaeleza kwa nini, na itabidi nianzie kwenye siki.

Wagema waliomo humu wanajua. Tembo la mnazi likiachwa siku kadhaa hugeuka siki, na mara nyingine juu yake huota utando mweupe, mtelezi, ambao ukiunyanyua kwa kijiko unatoka mzima. Wengi huutupa. Mwaka 1886 mkemia Mwingereza Adrian John Brown, mtu wa mambo ya bia na uchachuaji, aliuchunguza utando wa namna hiyo akakuta ni selulosi, kitu kile kile kilichomo kwenye pamba na kwenye singa za mkonge. Aliyeifuma alikuwa bakteria. Brown alimwita Bacterium xylinum. Leo wataalamu wanamwita Komagataeibacter xylinus. Katikati hapo kabadilishiwa jina mara kadhaa, kwa hiyo ukisoma makala ya zamani ukakutana na Acetobacter xylinum, usidhani ni mwingine.

Mtaniuliza: kama ni ile ile ya mkonge, na mkonge tunao, ya bakteria ya nini? Singa ya mkonge haiji peke yake. Selulosi yake imeshikamana na vitu vingine vya mmea, lignini na hemiselulosi, na ukitaka kuitenga utatumia kemikali kali na maji mengi. Ya bakteria hutoka safi, haina lignini hata chembe. Nyuzi zake ni nyembamba mno, upana wake chini ya nanomita 100, zimesokotana kwa namna ambayo utando mbichi hubeba maji kiasi cha asilimia 99 ya uzito wake bila kuchuruzika. Ukikausha vizuri unapata karatasi ngumu, nyepesi. Kampuni ya Sony mwaka 1989 ilitoa vifaa vya masikioni vya kusikilizia muziki, vya bei ya kutisha, MDR-R10, ambavyo kiwambo chake cha sauti kilitengenezwa kwa selulosi hii, kwa sababu inatetemeka upesi na haipigi mwangwi wake yenyewe.

Bakteria anafanyaje? Anachukua glukosi, anaibadilisha hatua chache ndani ya mwili wake, kisha anaunganisha moja kwa nyingine na kuitoa nje kupitia mstari wa vitundu ubavuni. Nyuzi zinazotoka hujikusanya kuwa utepe mmoja, na utepe huo hurefuka takribani maikromita 2 kila dakika, kiasi cha kukaribia urefu wa mwili wake mwenyewe. Sasa mzidishe kwa mamilioni kwa mamilioni. (Kwa wanafunzi wa biolojia: ile molekuli ya ishara iitwayo saikliki-di-GMP, ambayo sasa inajulikana kuendesha tabia za bakteria wa kila namna wakiwamo wa maradhi, iligunduliwa kwa mara ya kwanza kwa huyu huyu, Jerusalem, mwaka 1987. Mtu alikuwa akitafuta kinachowasha utengenezaji wa selulosi. Nasema hivyo kwa wale wanaodhani utafiti wa siki ni kazi ya kupoteza muda.)

Nikifika kwenye hewa naomba simu ziwekwe chini kidogo, maana kila nitakachosema baada ya hapa kinatoka hapo.

Bakteria huyu haishi bila oksijeni. Na maji, ndugu zangu, yana oksijeni kidogo sana. Kwenye joto la nyuzi 30, lita moja ya maji iliyoshiba hewa kabisa ina miligramu saba na nusu hivi. Bakteria wakiwa wengi huimaliza kwa dakika chache. Ndiyo maana anafuma utando: unamweka juu, mpakani mwa maji na hewa. Waliozama chini hawana pumzi, hawafumi kitu. Tabaka jipya huota juu, la zamani husukumwa chini, utando unanenepa.

Hapa Tanga mna mfano wa kinyume chake. Kule Hale ulijengwa mtambo wa kutoa biogesi kutokana na mabaki ya mkonge. Bakteria wanaotoa ile gesi hewa huwaua, kwa hiyo mtambo wao hufungwa usipitishe pumzi. Kijana aliyejifunza kwenye mtambo wa namna hiyo akija kwenye selulosi lazima ageuze fikra zote. Huku kazi ya bioriakta ni moja, kuingiza hewa, na mengine yote ni ya pembeni.

Shida ni kwamba mhandisi akisikia mahali pamepungukiwa hewa hukimbilia kukoroga na kupuliza. Kwa hamira inafaa, kwa dawa ya penisilini inafaa. Kwa huyu, ukikoroga umevunja ule utando. Huwezi kuwa na vyote viwili: utando mzima, na tangi linalokorogwa.

Tuanze na njia ya bila kukoroga, kwa sababu ndiyo iliyolisha watu wengi zaidi duniani. Ufilipino wana kitu kinaitwa nata de coco, vipande vya mchemraba vyeupe, laini lakini vya kutafuna, vinavyoliwa kwenye vinywaji na vitindamlo. Ni utando wetu, uliooteshwa kwenye maji ya nazi. Aliyeanzisha ni mwanamama mkemia, Teódula Kalaw África, mwaka 1949. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wajapani waliupenda ghafla, Ufilipino nzima ikawa trei, kisha homa ikapoa kama zinavyopoa homa zote za soko. Lakini kazi yenyewe haikufa. Hadi leo Ufilipino, Indonesia, Thailand na Vietnam wanatumia trei.

Maji ya nazi komavu, yale yanayomwagwa wakati wa kutayarisha mbata, yanachemshwa, yanaongezwa sukari na chanzo cha naitrojeni, yanatiwa siki hadi pH, yaani kipimo cha uchachu, ifike kati ya 4 na 4.5, yanapozwa, kisha inaingia chachu kutoka kwenye mkupuo uliopita. Yanamiminwa kwenye trei kina cha sentimita mbili tatu, yanafunikwa kwa karatasi safi au kitambaa ili hewa ipite na nzi wadogo wa siki wasipite. Joto linalotakiwa ni nyuzi 28 hadi 30. Ujerumani wanalipia umeme kupata joto hilo. Ninyi mmepewa bure. Siku nane hadi kumi na nne, unavuna. Trei haiguswi. Ukiisogeza, utando unazama kidogo, mwingine unaanza upya juu yake, na unapata tabaka mbili zinazobanduka, ambazo hakuna atakayezinunua.

Naomba kina mama waliozoea kutumia mbolea ya SA shambani wanisikilize. Ndiyo, chanzo cha naitrojeni kinachotumika sana ni amonia salfeti, na ndiyo hiyo SA. Indonesia mwaka 2015 kulizuka kelele kubwa baada ya kubainika kwamba baadhi ya watengenezaji walikuwa wanatia mbolea ya shambani kwenye chakula. Kemikali kwa jina ni ile ile, ila mfuko wa mbolea haukutengenezwa kwa ajili ya tumbo la mtu, na huna njia ya kujua kuna metali gani humo. Ipo ya daraja la chakula. Ni ghali zaidi, nunua hiyo.

Tupige hesabu sasa. Chukua trei ya sentimita 40 kwa 60, kina sentimita 2. Hiyo ni lita 4.8. Katika kazi ya kawaida lita moja hutoa gramu 2 hadi 4 za selulosi kavu, tuseme 3. Trei moja basi ni gramu 14 na kitu, kavu. Kwa kuwa utando mbichi ni maji karibu asilimia 99, hiyo ni kama kilo moja na nusu kasoro kidogo ya kuuza. Ukitaka tani moja mbichi, unahitaji kilo 10 kavu, yaani trei karibu 700, zenye lita 3,400 hivi. Zikipangwa rafu kumi kwenda juu, chumba cha kawaida kinatosha, ukiacha njia za kupita.

Mtu wa tangi atacheka: trei 700, vibarua wangapi, siku kumi na nne! Atakwambia yeye ana tangi la chuma kisichoshika kutu, lita 3,400 zile zile, siku tatu. Ni kweli. Lakini muulize atatoa nini.

Ndani ya tangi linalokorogwa, selulosi haiwi utando. Inakuwa vidonge, nyota nyota, nyuzi zinazoelea, wakati mwingine mpira mmoja uliojizungusha kwenye mhimili wa mapanga ya kukorogea hadi mota inalia. Halafu mchanganyiko unazidi kuwa mzito. Gramu chache tu kwa lita zinatosha kuufanya ushike kama ugali unaoanza kuiva: karibu na mapanga unazunguka, pembeni umelala. Palipolala hewa haifiki. Ukiongeza kasi ili hewa ifike, unatumia umeme mwingi zaidi na unazikata nyuzi. Miaka ya 1990 Wajapani walijaribu mapanga ya maumbo mbalimbali, wakaona yale mapana yanayotoka chini hadi juu ya tangi huchanganya vizuri kuliko vile vifeni vidogo vilivyozoeleka. Kidogo ilisaidia, gharama haikuondoka.

Tatizo la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Kufuma selulosi kunamgharimu bakteria sukari na nguvu. Kwenye trei gharama hiyo inamlipa, kwa kuwa anapata hewa. Kwenye tangi hewa inapulizwa kwa wote, mfumaji na mvivu. Akitokea mmoja mwenye hitilafu ya vinasaba asiyefuma, anazaliana upesi kuliko wenzake, na baada ya mikupuo michache tangi lako limejaa wavivu. Ukimwaga kwenye sahani ya maabara utawatambua: makoloni, yaani mafungu, ya wavivu ni laini na tambarare, ya wafumaji ni magumu yenye mikunjo. Watafiti wamegundua kwamba kutia ethanoli kidogo, asilimia moja na kitu, hupunguza wavivu na kuongeza mavuno. Wagema mnacheka, lakini ndivyo ilivyo.

La tatu ni asidi. Huyu bakteria ana tamaa: akiona glukosi nyingi, sehemu kubwa anaigeuza kuwa asidi ya glukoniki badala ya selulosi. pH inaporomoka, kazi inasimama. Dawa yake ni kumlisha kidogo kidogo, au kutumia fruktosi, sukari ya matunda, au kumtafuta bakteria mwenye uwezo mdogo wa kutengeneza asidi hiyo. Njia ya mwisho ndiyo waliyofuata Wamarekani wa kampuni za Cetus na Weyerhaeuser miaka ya 1980 walipotoa bidhaa iliyoitwa Cellulon. Walitumia matangi makubwa ya kukoroga, na sikilizeni walichouza: rojo ya nyuzi, ya kunenepesha vyakula na kupaka karatasi. Hawakuuza utando. Walijua tangi linatoa nini, wakatafuta mnunuzi wa hicho.

Kati ya trei na tangi la kukoroga kuna njia kadhaa, na hapa ningetaka vijana waandike.

Ya kwanza ni nguzo ya hewa. Tangi refu jembamba, ndani yake bomba. Hewa inapulizwa chini ya bomba, mchanganyiko unapanda ndani na kushuka nje, hakuna mapanga. Umeme unaotumika ni mdogo sana ukilinganisha na kukoroga. Watafiti wa Tokyo, kwenye nguzo ya lita 50, walipata kama gramu 3.8 kwa lita ndani ya saa 67. Walipoongeza oksijeni kwenye hewa wakafika 8. Linganisha na trei. Lakini bidhaa bado ni vidonge na nyuzi, si utando.

Ya pili ni sahani zinazozunguka, nusu ndani ya mchanganyiko na nusu hewani, zikizunguka taratibu kwenye mhimili. Bakteria anajishika kwenye sahani, anakunywa akiwa chini, anapumua akiwa juu. Utando unaota juu ya sahani, na ukitia chembe za kitu kingine kwenye mchanganyiko zinafumwa humo humo.

Ya tatu naipenda mimi binafsi, ya Jena, Ujerumani, waliyoieleza mwaka 2010. Ni birika pana la kina kifupi, halikorogwi. Utando unaota juu yake kama kwenye trei, ila upande mmoja unanyanyuliwa polepole na kutolewa, huku upande wa pili mwingine ukiendelea kuota. Unavuna mkeka usiokatika, unene unaoutaka kwa kubadili kasi ya kuunyanyua. Waliofanya hivyo walikaa wakamtazama bakteria anataka nini, kisha wakajenga mashine ya kumfuata. Mji huo huo, miaka kama kumi kabla, profesa Dieter Klemm na wenzake walishaotesha mirija yenye kipenyo cha milimita moja kwa ajili ya kuunganisha mishipa ya damu ya panya wa maabara. Umbo la chombo ndilo umbo la bidhaa.

Mkishaamua mnauza nini, chombo kinajichagua. Chakula: trei, na mnaweza kuanza mwezi ujao. Kinenepesho cha rojo au cha karatasi: nguzo ya hewa, lakini hapo mnashindana na wanga wa muhogo, na muhogo ni rahisi. Kufunika vidonda vya moto: Brazil walifanya biashara hiyo tangu miongo ya mwisho ya karne iliyopita kwa jina la Biofill, na selulosi inafaa kweli, inabaki na unyevu na haigandi kwenye kidonda. Ila msidanganyike kwamba utando wa uani unaweza kuwekwa kwenye kidonda cha mtu. Bakteria huyu kwenye ukuta wake ana sumu ya endotoksini, lazima iondolewe na kupimwa, kila mkupuo, na kibali cha mamlaka za dawa kipatikane. Ngozi ya nguo na mikoba inapendeza kwenye picha. Ikinyeshewa inakunywa maji na kulegea, na kuizuia isinywe bado ni kazi ngumu.

Malighafi sina wasiwasi nayo. Maji ya nazi yapo Pangani, machungwa yaliyokataliwa sokoni yapo Muheza, molasesi ipo kwenye viwanda vya sukari, na wenzetu wa Mtwara na Lindi wanaacha mabibo yaoze chini ya mikorosho kila msimu. Bakteria hachagui sana. Angalizo moja kwa machungwa: tumia maji yake, usisage na maganda, mafuta ya maganda yanamdhuru.

Usafishaji nao mnaujua kuliko mimi, kina mama wa sabuni. Kostiki, dhaifu, kwenye moto wa nyuzi 80 au 90, inaua bakteria na kutoa rangi ya manjano. Kisha suuza na suuza tena hadi maji yatoke yasiyo na ukali. Glavu na miwani, tafadhali. Na yale maji ya suuza yasiende mtoni. Yatulizwe kwa mchanganyiko uliobaki kwenye trei, ambao wenyewe ni mchachu.

Mzee mmoja hapa mbele ameniuliza kwa sauti ya chini kuhusu umeme. Swali zuri. Umeme ukikatika kwenye tangi, oksijeni iliyomo inaisha kwa dakika chache na kazi inasimama. Ukikatika usiku mzima, na vijidudu vingine vikapata mwanya, umepoteza lita zote. Trei haijui kama umeme umekatika. Hesabu ya jenereta iingizwe kwenye bei ya tangi tangu siku ya kwanza.

Na kijana aliyeuliza kama nawakataza matangi: siwakatazi. Nawaomba mjenge nguzo moja ya hewa ya lita 50 hapo chuoni, na kina mama wapange trei zenye jumla ya lita hizo hizo, wote mtumie chachu moja na maji ya nazi ya siku moja. Mniletee namba mbili kwa kila upande: gramu kwa lita, na uniti za umeme zilizotumika. Gramu ziwe za selulosi iliyosafishwa na kukaushwa hadi uzito wake ugome kushuka. Uzito wa mbichi msiniletee, maana hapo mtakuwa mnanipimia maji.